Koti la Yago

Shule ya Wasichana, upande wa Rangwe
8 Mei 1966

Kwa Waya Phelesia, shangazi yangu,

Nakusalimu wewe na watoto, na mzee wa nyumba pia. Cherehani bado inakutii? Barua yako ya Pasaka ilifika imelowa kona moja lakini niliisoma yote; pale wino ulipotapakaa nilikisia. Mimi ni mzima. Kikohozi kilinishika mvua zilipoanza, sasa kinanisumbua usiku tu. Mama ameandika kutoka Ntimaru, anasema mahindi yamesimama vizuri na anakusalimu sana.

Waya, uliniambia nisikuandikie kama mtu anayejaza fomu. Nitajaribu. Kwenye karatasi naweza. Mdomo ndio unaonishinda. Hapa wasichana karibu wote wanaongea Dholuo wakitoka darasani, na mimi mwenye baba Mjaluo nasimama kati yao kama mtu aliyetoka Ukuria kuuza tumbako. Kiingereza nakitumia kwa walimu, Kiswahili kwa wapishi na kwako. Siku nyingine inafika jioni na sijatoa neno.

Lakini nimepata kazi ya mikono. Sista anayetufundisha sayansi alituonyesha kukausha majani. Unachuma asubuhi umande ukishakauka, unalaza jani kati ya karatasi za kukaushia wino, unaweka mbao juu na mawe juu ya mbao. Yeye anataka tuandike majina ya majani tu. Mimi nilianza kuyapanga yawe picha. Mnavu ukikauka unakuwa kama mlima ulio mbali. Majani ya mrenda yanafaa kwa paa. Nyasi ni nyasi. Gundi ni uji mzito wa muhogo.

Nimetengeneza picha ya Baba anarudi nyumbani. Kuna nyumba, kuna njia, kuna kuku, na yeye yuko njiani amevaa koti. Nilikuwa na miaka mitano alipoondoka kwenda mashamba ya miwa Uganda, na kitu ninachokumbuka ni koti lake jeusi lenye wekundu kwa mbali. Koti hilo limenipa taabu. Nilipata ua la kulitengenezea chini ya mti mmoja mkubwa nyuma ya bustani, ua zito kama kikombe cha chai, rangi ya maini. Nililipasua, nikalitandaza kama kitambaa, nikawa nabadilisha karatasi kila wakati lisioze. Limekauka likawa rangi ile ile.

Dereva wa lori la misheni atakuletea kifurushi. Kimeandikwa jina la Dani, mama yake Baba. Tafadhali kimfikie. Dani hajaniona tangu nikiwa mdogo, na sina lugha ya kumwambia mimi ni nani. Labda mikono yangu itamwambia.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Monicah Nyanchoka


Homa Bay
30 Mei 1966

Nyar owadwa, binti wa kaka yangu,

Hujambo? Kikohozi kimepoa? Sisi hatujambo, ingawa kutojambo kwa wiki hii ni kwa mwili tu.

Kifurushi kilifika. Sikukifungua. Nilikuwa naenda kwenye makambi ya kanisa, kwa hiyo nikampa mdogo wangu Walter akipeleke nyumbani Kanyada. Sasa najuta kwamba sikuwa mtu wa umbeya siku hiyo, nikachungulia.

Walter amenieleza yote. Mama, yaani Dani yako, alikuwa mlangoni anachambua mboga. Alikifungua mwenyewe. Kwanza alicheka. Akasema, hii ni nyumba ya mwanangu Dishon, hata mlango umelegea vile vile, nani amemwambia huyu mtoto? Alihesabu hata kuku. Kisha akapitisha kidole kwenye koti. Akakirudisha kidole, akakinusa. Akamuuliza Walter, hili ni ua la nini? Walter akanyamaza, na Mama akaelewa kwa kule kunyamaza.

Monicah, mti ule ni yago. Ule wenye matunda marefu yanayoning'inia kwa kamba. Kwetu mtu akipotea, majini au safarini, mwili wake usipatikane, tunda la yago ndilo linalowekwa kaburini mahali pake. Likishafukiwa, mtu huyo hangojewi tena. Miaka yote hii Mama amekataza lisitajwe. Nyumba ya Dishon anaisiriba upya kila mvua zikiisha, mlango wake anaufagia kila asubuhi. Na wewe umemvisha yago ukampelekea.

Ameigeuza picha ukutani na hasemi na mtu. Wengine nyumbani wanasema mambo mabaya, kwamba hiyo ni kazi ya mama yako, kwamba Nyamoita amechoka kuwa mke wa mtu asiyeonekana na amemtuma mtoto afunge habari. Mimi namjua mama yako na sisadiki. Lakini niandikie upesi nipate la kuwajibu. Nani alikufundisha?

Waya wako,
Phelesia


Shule ya Wasichana
5 Juni 1966

Waya wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Natumaini mko wazima. Naomba Dani awe anakula.

Hakuna aliyenifundisha. Mama hajui hata kwamba nakausha majani. Yeye angesema nimekosa kazi. Waambie hivyo, Waya, tafadhali. Mama bado anaandika jina la Baba kwenye bahasha zake za sadaka kanisani. Wanaume wawili wamekuja kwa babu kumposa na amewakataa.

Nimefikiria nilivyokosea na naona ni mdomo wangu tena. Nilipokuwa naliokota lile ua, wasichana waliokuwa wakipita walinyamaza. Mmoja anaitwa Benta, kitanda chake kiko karibu na changu. Alisimama akaniangalia, akasema kitu kwa Dholuo, na bwenini akahamisha ndoo yake mbali na karatasi zangu. Nilifikiri ni kwa sababu mimi ni Mkuria. Mambo mengi huwa nayafikiria hivyo, nikishafikiria hivyo siulizi. Neno moja tu lingetosha. Benta, kuna nini? Sikulisema.

Jana baada ya barua yako nilimuuliza. Alishangaa kusikia sauti yangu. Akasema, "Tulidhani unajua. Tulidhani ndivyo mnavyofanya kwenu, kucheza na vitu vya watu." Kisha akaniuliza ni nani niliyemvalisha. Nilipomwambia ni baba yangu alikaa kitandani kwangu, hakuniacha mpaka kengele ikalia.

Mwambie Dani ni ua tu. Mwambie nililipenda rangi. Kama picha ichomwe, ichomwe. Sitaki kuwa mtoto aliyemzika baba yake kwa ujinga.

Mtoto wenu, kama bado mnaniita hivyo,
Monicah


Homa Bay
19 Juni 1966

Binti yangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nasikia masista wenu wanawapa mayai siku hizi. Kula, usiwaachie wengine kwa aibu. Huku mimi nimeumwa meno lakini nashona.

Nilikwenda Kanyada na barua yako. Niliisoma mbele yao wote, nikiigeuza kwa Dholuo. Habari ya mama yako imekwisha. Mke wa Walter, Rispa, ndiye aliyekuwa anaivumisha, na uliposema wanaume wawili wamekataliwa aliinama akaanza kutafuta kitu chini ambacho hakikuwapo.

Lakini jambo lenyewe halijaisha, na nitakueleza bila kuzunguka. Walter si mtu mbaya. Dishon ni mkubwa wake. Kwetu mdogo hawezi kutoka akajenga boma lake wakati mkubwa hajajenga, na mkubwa asiporudi wala asipozikwa, mdogo anakaa tu. Walter ana mvi, Monicah, na bado anaishi kwenye kibanda cha ujana uani kwa mama yake. Mwanawe wa kwanza anataka kuoa na hana mahali pa kusimamisha nguzo. Kwa hiyo picha ilipofika, Walter aliwaambia wazee, "Sikulileta mimi yago. Mtoto wa Dishon mwenyewe ndiye amelileta. Mnataka nini tena?"

Wazee wako upande wake. Mama peke yake ndiye aliyekataa. Amesema hakuna atakayegusa tunda mpaka wewe mwenyewe uje, usimame mbele yake, useme kwa mdomo wako kama ulikusudia au hukujua. Ukisema hukujua, basi ni mchezo wa mtoto, na nyumba ya Dishon itaendelea kungoja. Ameapa atalikubali neno lako.

Najua unavyoogopa watu. Kwa hiyo nimekuchagulia sentensi fupi. Ne ok ang'eyo. Maana yake, sikujua. Isome kila asubuhi unaponawa. Ukishaisema, nyamaza, mengine niachie mimi.

Kuna shida moja. Siku waliyopanga ni Jumamosi, na mimi ni Msabato. Nitakufikisha nyumbani Ijumaa kabla jua halijazama, lakini siku yenyewe nitakuwa kanisani. Niliwaomba wabadilishe, wakasema Sabato yangu haikuwauliza wao ilipoanza.

Waya wako,
Phelesia


Shule ya Wasichana
26 Juni 1966

Waya,

Salamu. Usije kunichukua. Nimemwambia Sista kifua kimerudi na nimelazwa kwenye chumba cha wagonjwa. Si kweli kabisa. Nakohoa, ila nakohoa zaidi akipita.

Sentensi naijua. Naisema vizuri nikiwa peke yangu. Lakini nikifikiria wanaume wamekaa na Dani ananiangalia, hata jina langu linapotea. Iandikwe kwenye karatasi, nitie sahihi, uwasomee.

Monicah


Homa Bay
29 Juni 1966

Monicah,

Pole kwa kifua. Dani hasomi karatasi.

Nakuja Ijumaa tarehe nane. Nimeshamwandikia Sista mkuu kuomba ruhusa. Vaa sketi ya shule, na sweta.

Waya


Shule ya Wasichana
17 Julai 1966

Mpendwa Waya,

Natumaini ulifika salama na mvua haikukukuta njiani. Mimi nilipokelewa vizuri. Benta alikuwa amenitandikia kitanda.

Uliporudi kutoka kanisani ulikuta kila kitu kimekwisha, na tuliporudi shuleni hukuniuliza kitu njia nzima. Ulinishika mkono tu pale penye matope. Nakushukuru. Sasa nataka ujue kutoka kwangu, kwa sababu najua Rispa ameshakusimulia kwa namna yake.

Walikuwa wamekaa nje ya nyumba ya Dani, wazee kwenye viti, wanawake chini. Rispa alinisukuma kidogo mgongoni. Mzee Nashon akasema kwa Kiswahili, makusudi ili nisikie, "Huyu ndiye Mkuria wetu?" Mwingine akasema, "Miguu ni ya Dishon. Hata akisimama, anasimama kama mtu anayetaka kuondoka." Wakacheka. Nashon akasema, "Ulimi tu ndio waliubakiza Ntimaru." Wakacheka tena. Baba Walter, mdogo wako, hakucheka. Alikuwa anaviringisha kofia yake mikononi, na niliona mvi ulizoniandikia.

Dani alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha mbele. Waya, hukuniambia kwamba ni mdogo hivyo. Aliniangalia, kisha akauliza. Baba Walter akageuza. "Anasema, ulipomvisha mwanangu lile ua, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Ne ok ang'eyo."

Ilitoka vizuri. Hata Nashon aliguna, kama mtu aliyeona mbuzi akifungua mlango. Dani akaitikia kwa kichwa, mara moja. Baba Walter akaitazama kofia yake. Rispa alishaanza kuinuka kwenda kuleta chai. Ilikuwa imekwisha, Waya. Ilikuwa imekwisha kama ulivyosema.

Ndipo Dani akasema kitu kingine, polepole, akiniangalia mimi na si wao. Be iparo ni obiro duogo?

Baba Walter akaviringisha kofia tena. Mzee mmoja akamwambia, mwambie basi. Akasema, "Anakuuliza, wewe unafikiri atarudi?"

Jibu la hilo hukunifundisha.

Nikuambie ukweli wa ile picha. Nilikuandikia kwamba ni Baba anarudi nyumbani. Nilipokuwa nabandika sikuwa namwona akirudi. Nilitafuta uso wake. Nilijaribu jani la mpera, nikajaribu ganda la muhindi, nikaona kila ninachoweka ni mtu mwingine. Mwishowe nikaacha jani tupu lisilo na macho. Kuku niliwapa macho. Jina la ua ndilo ambalo sikulijua. Hilo lingine nililijua tangu zamani, tangu Mama alipoacha kunipeleka barabarani kutazama malori, ingawa hakuwahi kuniambia kwa nini ameacha.

Dani alikuwa anangoja. Nilijua nikisema ndiyo, au nikisema sijui, nyumba itafagiwa tena kesho. Nilijua pia Baba Walter ataendelea kuviringisha kofia. Sitaki uniwazie mema kupita kiasi. Inawezekana nilitaka tu waache kuniangalia. Nimejiuliza kila siku tangu pale na sipati.

Nikasema, "Ooyo, Dani." Hapana.

Hakuna aliyehitaji kugeuziwa. Dani hakulia. Alijishika kwenye mwimo wa mlango akasimama, akakataa mkono wa Rispa, akavuka uwanja mpaka nyumba ya Baba, akaingia, akafunga. Tulikaa. Halafu tukamsikia kutoka ndani. Sijawahi kusikia mtu akilia hivyo, kama mtu anayeita ng'ambo ya ziwa. Wanawake wakainuka mmoja mmoja wakamfuata. Baba Walter alibaki kwenye kiti chake, na yeye analia, na alikuwa amepata alichokitaka.

Hakuna aliyenigusa wala kunifukuza. Uliponikuta karibu na ghala la mahindi, nilikuwa nimesimama pale tangu saa tano.

Waya, nimemfanya Mama mjane kwa neno moja na sijamwandikia. Naogopa pia watakalomtaka afanye. Na Dani, sidhani kama anataka kusikia jina langu. Nilikuja kutafuta nyumbani kwa Baba na nimepafunga kwa mkono wangu. Niandikie hata kama ni kwa hasira.

Monicah


Kanyada
21 Agosti 1966

Monicah,

Anayesema ni Dani. Mkono ni wa Phelesia, maneno ni yangu, na nimemwonya asiyalainishe.

Uko mzima? Unakula? Phelesia anasema bado unakohoa. Usilale karibu na dirisha. Mimi magoti yananiuma, lakini yalianza kuuma kabla yako.

Tumemlaza Dishon wiki iliyopita. Walter alileta tunda, nikalikataa. Lilikuwa fupi. Mwanangu alikuwa mrefu, mlango wa nyumba yake aliuingia kwa kuinama. Walter akarudi, akaleta lingine, hilo nikalikubali. Tulilifunga kwenye shuka langu. Watu wengi walikuja, na walikula vizuri. Nashon alihutubia mpaka tukachoka.

Mama yako aliletewa habari na mtu wetu, si kwa barua. Alikuja. Hukujua hilo, nilimkataza asikupitie shuleni, ungeacha masomo. Alilia pale kaburini kama mke anavyopaswa, akalala hapa siku alizolala. Nimewaambia wanaume wa hapa kwamba hakuna wa kumrithi. Akitaka kubaki kwao, abaki. Akitaka kuolewa, aolewe. Rispa aliguna. Nilimwangalia akaacha.

Sasa wewe. Nina hasira nawe. Phelesia anataka niseme nimekusamehe, na yeye ataandika nitakavyosema: bado. Asubuhi naamka, nachukua ufagio, nafika katikati ya uwanja ndipo nakumbuka. Nikikumbuka nakuona wewe na sketi yako ya shule unasema hapana. Kulikuwa na watu wazima wengi pale, miaka mingi, na hakuna aliyethubutu kunijibu. Ulipaswa kuwa wewe? Mtoto?

Lakini kuna jambo nilikuwa nalifanya nami, na wewe hukulijua. Watu walipokuwa wananiuliza, yule msichana wa Ntimaru ni wa nani, ni wenu? nilikuwa nasema, ngojeni Dishon arudi aseme mwenyewe. Ng'ombe wa mahari ya mama yako hawakwisha kulipwa, na mwenye kusema hakuwapo. Nilisema hivyo ulipokuwa mdogo, na nikaendelea kusema hivyo. Mama yako alipotaka kukuleta tukuone ulipoota meno ya ukubwani nilisema, ngoja Dishon arudi.

Sasa Dishon harudi, na hakuna wa kungojewa. Wakiniuliza, inanibidi nijibu mimi. Walishaniuliza siku ile ile ya mazishi, wanawake wa ng'ambo ya mto. Nimewajibu.

Shule zikifungwa Desemba, uje hapa kwanza, Ntimaru utakwenda baadaye. Walter anahamia boma lake na mimi nabaki na uwanja mkubwa peke yangu. Utalala kwangu, ndani, upande wa kushoto. Usinisemeshe siku za kwanza. Phelesia anasema hilo halitakushinda.

Dani yako